Nyumba Yenye Chumba cha Kukaushia

Dobi na mvua hawapikiki chungu kimoja, na mimi ni dobi. Kwa hiyo mke wangu aliposema kwamba mwaka huu anataka twende likizo kwenye ule mwambao wa kijani, ambako milima imesogea karibu na bahari na mvua haiji kutembea bali imehamia kabisa, nilicheka mpaka nikaunguza mkono wa shati la mteja. Yeye hakucheka. Alininyang'anya pasi akaendelea kupiga mwenyewe.

"Usipotaka, usije," alisema. "Nitaenda na dada."

Hapo kicheko kikanikauka. Shemeji yangu huyo hajawahi kunisamehe kwa kumwoa mdogo wake, na safari moja ya wawili hao ingetosha kunimaliza. Mke wangu angekaa barazani akitazama milima, huku akielezwa taratibu jinsi maisha yake yangeweza kuwa. Sisi hatujawahi kwenda likizo hata mara moja. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kwamba akienda bila mimi utarudi mwili tu, moyo utabaki hukohuko.

"Niachie mimi," nikamwambia. "Nitapanga kila kitu. Wewe usijisumbue."

Watu wenye akili zao wakitafuta nyumba ya likizo hutazama bahari. Mimi nilitazama mashuka. Picha ya kwanza kwenye simu ilikuwa na dirisha kubwa na mlima uliojifunika ukungu. Nikaikuza mpaka kitandani, nikaona foronya zina umanjano pembeni. Hawa hawasuuzi, nikasema, nikapita. Nyumba ya pili ilikuwa juu ya mwamba, mawimbi yanapasuka chini yake, lakini mashuka yao walikuwa wameyazidishia buluu ya kufulia. Ya tatu nusura niichukue, ila taulo zao walikuwa wamezibana kibanio kimoja katikati, na mtu anayebana taulo katikati siwezi kulala kwake. Mke wangu akiniuliza tumefikia wapi, nilimjibu kwamba mambo mazuri hayataki haraka. Nililisema hilo kama mtu aliyezaliwa likizoni.

Mwishowe nikampigia simu mama mmoja anayepangisha nyumba kadhaa kulekule. Akaanza kunisifia maporomoko ya maji, njia za kupandia mlimani, na miti inayodondosha maji hata mvua ikikatika. Nikamkatiza.

"Samahani, mama. Shuka likianikwa huko, linachukua muda gani kukauka?"

"Kaka, huku shuka halikauki. Linachoka tu kulowa."

"Sasa nyinyi mnafanyaje?"

"Tunalilalia hivyohivyo. Kwani wewe unakuja kupumzika au kuanika?"

Mwenye masikio angesikia hapo. Mimi nilikazana kuuliza, mpaka yule mama, kwa kuchoka nami, akataja nyumba moja yenye chumba nyuma ya jiko. Kina jiko la kuni, kamba kutoka ukuta hadi ukuta, beseni la zege na meza ya kupigia pasi. Alinionya kwamba dirisha la chumba cha kulala linatazamana na ukuta. Nikamwambia ukuta haujawahi kumuua mtu, na nikaichukua palepale.

Niliingia dukani kwetu kifua mbele. Mke wangu alikuwa anapiga pasi shati jeupe. Nikamweleza habari za zile kamba, lile jiko na ile meza, nikamalizia kwamba hata vibanio vyetu nimeshavifungasha. Akamaliza kola kwanza. Huyo ndiye mke wangu, hata dunia iwake moto hawezi kuacha kola nusu. Kisha akasimamisha pasi.

"Kwa hiyo umenitafutia chumba cha kukaushia."

"Na beseni!" nikasema, mjinga mimi.

"Baba watoto, unajua kwa nini nilichagua kule?"

Nikaanza kutaja milima. Akatikisa kichwa.

"Kwa sababu nguo hazikauki. Kuna mteja alirudi kutoka huko analalamika, akanimwagia hapa mezani mfuko mzima wa nguo zilizoota kuvu. Mimi nikasema moyoni, basi huko ndiko. Hata nikifua ni kazi bure, kwa hiyo hakuna mtu atakayenitazama huku ameshika shuka. Hata wewe."

Hilo "hata wewe" liliniingia. Yeye akaendelea bila hasira, na afadhali angefoka. Alisema tangu tuoane hajawahi kuitazama mvua. Anaisikia tu mgongoni, anakimbia uani mikono imejaa, kwa sababu tone likidondoka tu mimi napiga kelele, "Anua!" Watoto wetu walilijua neno hilo kabla ya kujua kusema "mama".

"Dada mwenyewe anaongea sana," alisema. "Nilitaka kwenda na wewe. Ila wewe ulivyo, utanifuata mpaka kule unipigie kelele."

"Nitabadilisha nyumba."

"Shida siyo nyumba."

Uani kulikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni, yamejaza kamba zote, yamebakiza kidogo tu kukauka. Wenyewe wangeyafuata jioni. Radi ikanguruma, na tone la kwanza likagonga bati. Mwili wangu ukainuka wenyewe, mdomo ukafunguka wenyewe. Mke wangu alikuwa amevuta kiti mpaka mlangoni, ameketi. Hakugeuka. Alikuwa anasubiri, na nilijua anasubiri nini.

Nikafunga mdomo. Nikakaa, mikono yote miwili imeng'ang'ania benchi kama mtu anayeng'olewa jino. Mvua ikaja yote kwa pamoja. Mashuka yakawa mazito, kamba ikalegea, moja likaanza kuburuta kwenye tope, na mimi, dobi wa mtaa mzima, nikalitazama likiburuta. Nilitaka kulia, sitanii. Mke wangu akaegemeza kichwa kwenye mwimo wa mlango.

"Kumbe inanukia vizuri," alisema.

Nikamwambia ndiyo. Mimi nilichokuwa nasikia ni harufu ya tope kwenye mashuka ya watu.

Tulikaa hivyo mpaka ikapungua. Mikono yangu ikaanza kulegea yenyewe.

"Hayo utayafua mwenyewe," alisema. "Ukimaliza, mpigie yule mama, umwombe nyumba inayotazama mlima."

"Ya watu wangapi?" niliuliza, na sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

Akayatazama mashuka yaliyolala topeni, kisha akanitazama mimi niliyekuwa bado nimekaa.

"Wawili," alisema. "Dada nitamletea zawadi."