Kati ya Pigo na Pigo

Kifuniko cha soda kilianguka tena. Koplo Gesare, aliyelala kifudifudi kati ya mistari ya chai ya mamake, alikiokota, akakipangusa udongo na kukirudisha juu ya ncha ya mpini wa jembe. Bunduki ya jeshi haiji likizo kijijini Ekerenyo, kwa hivyo alijizoeza na mpini. Akaubana begani, akakaza jicho kwenye ua moja jeupe ng'ambo ya bonde. Kifuniko kikaanguka.

"Hicho kitu kina nini leo?" Persis, mamake, aliuliza bila kuacha kuchuma.

"Ni mimi, Mama. Jumanne wanachagua timu ya shabaha. Kocha amesema nikikosa safari hii, niwapishe wasichana."

Miaka kumi na minne Persis alikuwa amemsumbua Mungu juu ya bunduki hiyo. Kila Sabato ombi lilikuwa lile lile: mtoto aiache, arudi nyumbani, aolewe hata na mwalimu. Medali tatu zilining'inia sebuleni, naye aliwaambia wageni kwamba ni za riadha.

Sasa ombi lilikuwa karibu kujibiwa. Lakini alipomwona bintiye, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, akiuma mdomo ili asilie, Persis hakufurahi hata kidogo. Alitua kikapu.

"Unatikiswa na nini?"

"Moyo. Ukidunda, mpini unaruka. Lazima nipige risasi kati ya pigo na pigo."

"Kwani hapo kuna nafasi?"

"Iko. Ndogo sana. Leo siipati."

Persis akapiga magoti kwenye udongo, akaweka kiganja mgongoni mwa bintiye. Moyo ulikuwa ukienda mbio.

"Pole pole. Nani anakufukuza?"

Kiganja hakikuondoka. Pumzi iliingia, ikatoka, ikaingia tena. Mapigo yakaanza kuachana. Kisha pumzi ikashuka na haikupanda, mwili wote ukatulia kama maji ndani ya mtungi, na chini ya vidole vyake, baada ya pigo moja na kabla ya lingine, Persis akakuta kimya ambacho hakuwahi kukikuta hata kanisani. Alishangaa mpaka akaogopa. Huyu ndiye mtoto aliyemzaa yeye mwenyewe, akamfunga nepi, akamchapa kwa kumwaga maziwa?

Kifuniko kilikuwa bado juu ya mpini.

"Rudia," Persis alinong'ona. "Nisikie tena."

Walirudia mpaka jua likawa kali na majani kikapuni yakaanza kunyauka. Kesho yake Gesare akarudi kambini.

Jumanne ilipofika saa nne asubuhi, saa ambayo Gesare angekuwa amelala kwenye mstari wa shabaha, wachumaji wenzake Persis walisonga mbele. Yeye akabaki nyuma, mikono imesimama juu ya majani.

"Mama Gesare!" jirani yake Damaris akaita. "Unaumwa?"

Persis akamwinulia kidole, angoje. Alikuwa ameshusha pumzi yote, na hakuwa amevuta nyingine.