Ua Mahali pa Uso

Sijaona karatasi yenye uongo mwingi kama sivii ya mtu anayetafuta kazi ya dukani. Nilikuwa karani wa shule ya wasichana hapa Jeddah mpaka nikastaafu, mtaa mzima bado unaniita abla, kama mwalimu, na kila mwenye jambo la kuandikwa hunijia mimi, akanywa na kahawa yangu. Kwa hiyo ninajua ninachokisema.

Sabriya, jirani yangu wa ghorofa ya chini, aliniletea sivii aliyochapiwa duka la fotokopi. Niliisoma nikaona kinyaa. Eti yeye ni kijana mwenye ari, anayemudu kazi katika mazingira magumu, na anayependa kuogelea na kupanda farasi.

"Sabriya, farasi umempanda lini?"

"Yule wa fotokopi kasema wote wanaandika hivyo, abla."

"Na kuogelea?"

"Mimi hata beseni likijaa naliogopa."

Niliikunja ile karatasi nikaiweka chini ya birika. Mwanamke huyu alikuwa ameuza nguo za ndani na nguo za kulalia nyumba kwa nyumba tangu alipoachwa na mume, bila mtoto, akiwa bado msichana. Hakuna bibi harusi mitaa hii ambaye Sabriya hakumfungulia furushi. Akikutazama unavyoingia mlangoni tu, anajua saizi yako, na akikudanganya kwamba umekonda unamwamini, unanunua. Haya yote hayakuwamo. Wamemwandika farasi.

Kazi aliihitaji kweli. Magoti yalikuwa yamekataa ngazi, furushi halibebeki tena, na mwenye nyumba alishasema mwezi ukiisha anataka kodi yake au vyumba vyake. Asipopata kazi, pa kwenda ni mahali pamoja tu: Taif, kwa kaka yake Mastur, ambako alishatengewa chumba kando ya jiko. Mastur ana wake wawili na wageni wasiokatika. Chumba kando ya jiko maana yake kila mtu anaijua.

Bahati ilikuwa kwamba mwaka ule maduka ya nguo za ndani yalikuwa yameamriwa kuajiri wanawake. Kabla ya hapo tulikuwa tukiuziwa sidiria na wanaume wenye masharubu, wakitukadiria kwa macho huku wakitafuna ubani, na sikusikia kaka hata mmoja akisema ameona haya.

Nikaandika upya. Nikaanza na mitaa aliyouzia, nikaeleza bidhaa alizozijua, pamba na hariri na zile za kung'ata ngozi, nikasema kwamba wateja wake wa mwanzo sasa wanamletea binti zao. Yote ya kweli, na yote yanamhusu muuza duka. Sabriya aliposomewa aliniuliza kama huyo ni yeye.

Alhamisi Mastur akaja kutoka Taif. Alikuwa amesikia. Mume wangu akamkaribisha sebuleni, mimi na Sabriya tukakaa nyuma ya pazia, na kahawa ikapita. Mume wangu hakuzunguka.

"Mastur, dada yako anaomba kazi. Duka la wanawake, wauzaji wanawake, na mwanamume haruhusiwi kuvuka kizingiti. Unasemaje?"

"Mimi simzuii mtu riziki," akasema Mastur. "Ila picha yake haiendi kwa watu."

"Haiendi."

"Na simu yake pia. Namba ya dada yangu itembee kwenye meza za watu kama tangazo la dawa? Waweke yangu. Wakimtaka wanipigie mimi, nami nimfikishie."

Nilishindwa kunyamaza. "Abu Fahad," nikamwita Mastur kwa jina la mwanawe kutoka nyuma ya pazia, "miaka yote wanaume walikuwa wakimpimia dada yako sidiria ukatulia. Leo anataka kumuuzia mwanamke mwenzake ndiyo namba ya simu imekuwa uchi?"

Mume wangu alikohoa. Mastur hakunijibu, alimjibu mume wangu, kana kwamba sauti imetoka kwake. "Nimeshasema. Picha yake hapana, namba ni yangu. Mengine Mungu ambariki." Akamaliza kikombe chake, akakitikisa kuonyesha ametosheka. Kwa watu wake, neno lililosemwa juu ya kahawa halirudi nyuma.

Nilimshika Sabriya mkono jikoni. "Usikubali hiyo namba."

"Abla, nikubali nipate amani. Kasema ndiyo mbele ya mumeo. Atanifanya nini tena?"

Nikaiandika namba ya Mastur kwa mkono mzito. Mahali pa picha Sabriya akachagua ua la waridi jekundu, kama wanavyofanya wasichana wenye kaka wakali. Nikamwambia kwamba hakuna duka linaloajiri ua. Akacheka. Tukaipeleka.

Siku zikapita, simu kimya. Kila jioni Sabriya alimpigia Mastur, na kila jioni Mastur akamjibu, "Bado, dada yangu. Vumilia." Mpole kama asali. Kisha akaanza kuongeza maneno: Ramadhani inakaribia, mkewe mdogo amejifungua, chumba kimepakwa rangi. Sabriya akaanza kufunga vyombo kwa magazeti na kuvitia kwenye maboksi. Mimi kule kukunja magazeti kulinichosha, nikamwambia avae abaya yake twende dukani tukaulize wenyewe.

Msimamizi wa duka aliitwa Nuwayir, mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye macho ya kukosa usingizi. Sabriya alipouliza sivii yenye jina la Sabriya imefikia wapi, Nuwayir alisimama, akamshika mabega.

"Nyie ni watu wake? Poleni sana, mama. Mungu amrehemu."

"Amrehemu nani?" nikauliza.

"Huyo Sabriya. Tulimpigia siku ya pili tu, sivii yake ilitupendeza. Akapokea mwanamume, akasema mwenyewe amefariki, tusipige tena, wapo msibani."

Nakumbuka ulimi ulikuwa mchungu nikatamani kutema mate pale kwenye marumaru yao. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilikuwa nimemkaribisha sebuleni kwangu, nikamtilia hiliki nzuri. Ameshindwa kulirudisha neno lake mbele ya wanaume wenzake, basi amemuua dada yake kwa simu, halafu jioni anampokea na kumwambia vumilia. Kunguni ana haya kuliko mtu huyo.

Sabriya hakulia. "Sabriya ni mimi," akasema.

Nuwayir alimtazama, kisha akakaa taratibu. Akasema nafasi moja ilikuwa bado ipo, kwa sababu msichana waliyemwajiri alikuwa akizimia kwa aibu kila akiulizwa saizi. "Lakini dada, nikwambie ukweli. Mwezi uliopita kaka wa mfanyakazi wangu alikuja akavunja kioo kizima cha mbele. Wakubwa wamenionya. Mtu aliyesema umekufa, kesho si atakuja na jiwe?"

"Mpigie," Sabriya akasema. "Weka tusikie wote."

Nuwayir alipiga. Simu iliita kidogo tu.

"Nilishawaambia," sauti ya Mastur ikasema, "yule mtu ni marehemu. Hamna adabu na msiba?"

"Waalaykum salaam, Mastur," Sabriya akasema. "Marehemu ndiye anaongea."

Tulisikia mtoto akilia kule Taif, na mlango ukifungwa.

"Sabriya. Sikiliza. Nilikuwa nakusitiri."

"Kwa sanda?"

"Watu wangesema nini?"

"Hilo ndilo nataka nikuulize. Leo nampigia imamu wa msikiti wako nimwambie akutangazie msiba, maana umeuficha, watu hawajaja kukupa mkono wa pole. Au nimwambie kilichotokea. Chagua wewe."

"Usimguse imamu." Sauti yake ilikuwa imepungua kabisa. "Unataka nini?"

"Mwambie huyu msimamizi kwamba hutakanyaga hapa. Wewe wala mtoto wako. Na Taif siji."

Alipumua kwa nguvu, akapumua tena. Nilikuwa nikimwona bila kumwona, anavyozishika ndevu. "Sitakanyaga," akasema mwishowe. "Wala wanangu."

Nuwayir alivuta sivii kutoka kwenye droo, akaikata kwa mstari ile namba ya Mastur, akamsogezea Sabriya kalamu. Nikadhani yameisha. Lakini Mastur hakukata. Nina hakika hata mwenyewe hakujua alichokuwa akikifichua, kwa vile alivyolalamika, kama mtoto aliyenyang'anywa sahani.

"Sasa Ijumaa nina wageni arobaini wa karamu ya akika ya mtoto. Wewe ndiye niliyekutegemea. Nani atawapikia?"

Sabriya alikuwa ameshaanza kuandika namba yake. Hakuinua kichwa.

"Nyumba yenye msiba haipiki, Mastur. Waambie majirani wakuletee."