Ngitili ya Mashimo Tisa

Tuseme ukweli, Mahona hakuwa mchoraji wa viwanja vya gofu. Alikuwa mpima ardhi wa ushirika, na ushirika ulipofilisika akapunguzwa kazini, akarudi kijijini Migato kwa mama yake, Nyanjige, kuchunga ng'ombe huku cheti cha upimaji kikiwa mfukoni.

Ndipo biashara ya pamba ikafunguliwa kwa watu binafsi, na kila mwenye lori akawa mnunuzi. Mmoja wao, Constantine, alipata hela za kumvuruga mtu akili, akaamua kwamba Bariadi haitaendelea bila gofu. Wawekezaji, alisema, hawawezi kuzungumza biashara wamekalia marobota. Akauliza nani anajua gofu. Mahona, ambaye aliwahi kupima mpaka wa uwanja mmoja huko Arusha, akanyoosha mkono. Unacheka? Ungechunga ng'ombe mwaka mzima na cheti mfukoni, na wewe ungenyoosha.

Akachora mashimo tisa. Kwa kuwa mpira wake ulikwenda kulia kila alipoupiga, yote tisa akayapindisha kulia. Constantine akasema hiyo ndiyo taaluma. Akamwahidi kwamba uzinduzi ukienda vizuri atamfanya meneja wa klabu, tena atampa nyumba mjini Bariadi. Kuanzia siku hiyo Mahona aliiota nyumba ile kila usiku.

Ikabaki ardhi. Bonde zuri kuliko yote, lenye lambo pembeni, lilikuwa malisho ya kijiji, na wanakijiji hungewaambia habari za gofu wakakuelewa. Basi Mahona akasimama mkutanoni, akasema bwana huyu wa pamba anataka kuwasaidia kutunza ngitili. Hapo kila mtu akaelewa. Ngitili ni ngitili: masika nyasi zinafungwa, ng'ombe hakanyagi, na kiangazi malisho yakishakauka kwingine kote, inafunguliwa watu wachunge. Nyanjige akasema mwanawe hawezi kuwadanganya, na kama kuna mwenye wasiwasi amwulize yeye. Mahona alijua fika kwamba anadanganya. Ila uzinduzi ulipangwa Aprili, na kiangazi kikifika yeye angekuwa meneja, na meneja hakosi la kusema.

Jamani, watu walivyozilinda nyasi zile! Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakiongozwa na kamanda wao Jilala, walizunguka na pinde zao bila kudai chochote. Mashine ilipopita kukata, waliambiwa ni ili zichipue upya, wakaridhika. Ndama wa Nyanjige mwenyewe alipopenya, Jilala akamtoza mama wa watu mbuzi, naye akamtoa huku akijivunia ukali wa ngitili ya mwanawe. Mahona alikula nyama ya mbuzi yule pamoja na sungusungu. Constantine akawa anawaambia wageni wake kwamba Wasukuma wana mapenzi ya asili na gofu.

Tatizo likawa mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa serikali, mzaliwa wa Binza kule Maswa. Kila tarehe ikipangwa, ana safari. Aprili ikasogezwa hadi Juni, Juni hadi Septemba. Mahona akakonda. Migato nzima ilikuwa vumbi tupu, na bonde lile peke yake, kwa nguvu za pampu ya dizeli, lilikuwa kijani hadi linaumiza macho.

Siku yenyewe mgeni rasmi alikuja na viatu vyeupe na suruali ya kubana, uso umekunjamana kama mtu anayesubiri sindano. Mpira wake wa kwanza uliingia lamboni. Wa pili haukuonekana tena. Constantine akawa anampongeza tu. Mahona yeye alipiga, mpira ukaenda kulia, na uwanja nao ukapinda kulia kuupokea. Maishani mwake hakuna kitu kilichowahi kumkubali namna ile. Kufikia shimo la mwisho alikuwa anatembea kimeneja, mikono nyuma, kiangazi chenyewe amekisahau.

Alikuwa karibu na bendera ya tisa aliposikia kengele. Ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wamesimama mpakani, mbavu nje, na hakuna aliyeingia hata mmoja. Mbele yao alikuwa Jilala, na mbele ya Jilala alikuwa Nyanjige, amevaa khanga yake ya kanisani, ameshika kamba ya mtamba. Kijiji kilikuwa kimekubaliana kwamba aliyeitunza ngitili ndiye amwingize ng'ombe wa kwanza. Mama alikuwa amemletea mwanawe heshima hiyo mbele ya wakubwa.

"Mahona," Constantine alisema kwa sauti ya chini, "hawa ni watu wako?"

Mahona alimwona mama yake akitabasamu. Akaiona na nyumba ya Bariadi, madirisha ya vioo.

"Siwajui, bosi. Wavamizi tu."

Kiswahili cha Nyanjige kilikuwa cha kuokoteza, ila hilo neno alilijua. Tabasamu likamtoka. Akawa anaizungusha kamba mkononi. Mahona aliona aibu, lakini alikuwa ameshasema.

Wakati huo mgeni rasmi alikuwa ameshatupa fimbo. Alivua viatu vyeupe, akaenda moja kwa moja hadi mpakani, akamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akampapasa mtamba mgongoni, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Akasema kwao Binza ngitili ya baba yake haikuwahi kufika Septemba ikiwa hivi. Mifugo inakufa mkoa mzima, akasema, na wataalamu wanamletea makaratasi tu. Yeye anatafuta mtu mmoja anayejua kutunza malisho, amkabidhi kazi hiyo kila wilaya, na gari juu. Mahona akapiga hatua mbele. Constantine, ambaye hakuwa mjinga, akapiga mbili.

"Mayu, niambie," mgeni rasmi akasema. "Ni nani aliyeitunza ngitili hii?"

Nyanjige alimtazama mwanawe, kuanzia kofia hadi viatu.

"Hatumjui," alisema, akaiachia kamba mtamba aingie.