Mstari wa Maji Yaliyotulia

...nne nukta mbili, kikundi cha dirishani kinasema wimbi hadi wimbi ni sentimita nne nukta mbili, cha mlangoni nne nukta nne, na huyu binti ambaye hata walimu humwita Miwani ameshikilia nne nukta moja yake kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya, mwalimu anawasikia na hawasikii, ameinama juu ya beseni la kioo, vidole viwili vya chuma vinagongagonga maji, taa inawaka juu na vivuli vya mawimbi vinatambaa kwenye karatasi nyeupe chini, duara kwa duara, yanaonana na kupishana... "Mwalimu, nani amekosea?" Hakuna aliyekosea, angesema siku nyingine, kila kipimo kina shaka yake, pimeni mara tano, tafuteni wastani, andikeni na shaka pembeni, kujumlisha au kutoa, miaka kumi na moja anaimba wimbo huo, angeweza kuuimba usingizini, lakini leo ulimi mzito, kwa sababu kabatini nyuma ya Miwani viko vipimajoto kumi na kimoja na vilikuwa kumi na viwili, cha kumi na mbili kiko chini kabisa ya mkoba wake, kimefungwa uzi mwekundu shingoni, na uzi huo aliagiza yeye mwenyewe, alimwambia msaidizi wa maabara, hiki kinasoma pungufu ya digrii moja, kifunge uzi ili kila atakayekitumia akumbuke kujumlisha moja. Akumbuke! Na yeye akakibeba nyumbani kwa sababu cha nyumbani Kasuku alikivunja, alikuwa anakorogea chai ya mwanasesere wake, mtoto wa miaka minne, mdomo haupumziki tangu anapofumbua macho, ndiyo maana baba yake alimpa jina hilo... mchana ule mwili wa mtoto ulikuwa moto, baba akasimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi, akauliza, "Ngapi, Mama Kasuku?" naye akasoma, macho yake mwenyewe, mwalimu wa fizikia mzima, "Thelathini na nane na nusu, tumpe dawa, jua likipoa tutaona." Uzi ulikuwa pale pale, ulimgusa kidole. Jua lilipopoa mtoto alikuwa hageuzi shingo. Siku mbili wodini, kisha kaburi, basi. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umeshafika kichwani, pengine saa zile nne za kungoja jua lipoe zingesaidia, pengine zisingesaidia, akasema pengine mara tatu, mwalimu alizihesabu.

"Mwalimu, au tuchukue ya Miwani tu, mwandiko wake mzuri?" Wanacheka, na yeye anatabasamu nusu, hajui tabasamu limetoka wapi. Mume wake hajui habari ya uzi. Au anajua. Mwezi na siku tisa nyumba imenuna, seremala yule aliyekuwa akipiga randa huku anabishana na redio sasa anaingia karakana ya uani na msumeno hausikiki, amekaa tu humo, juu ya meza ya kazi kuna kile kiti kidogo alichokuwa akimtengenezea Kasuku, miguu mitatu imeshaingia, wa nne bado, wanakula wametazamana, "chumvi iko hapo", "maji yamekatika", hamwiti kwa jina lolote, anakohoa kwanza ndipo aseme, na mwalimu ameshajipa jibu, ananilaumu, anajua, hana hata chozi, jiwe lile, ndiyo maana mkobani, juu ya kile kipimajoto, kuna nguo za wiki mbili, kengele ya mwisho ikilia anakwenda kwa kaka yake na harudi kwa yule bwana, ameshaamua, amepiga moyo konde tangu alfajiri...

"Mimi nafikiri najua," Miwani anasema, rula yake juu ya karatasi, "huu mstari wa pembeni, maji yametulia kabisa kwa sababu mawimbi hayafiki hapa." Hayafiki. Yanafika, mwanangu, anawaza, tena yanafika yote mawili, hili linapanda wakati lile linashuka, kila moja na nguvu zake zote, na sisi tunaosimama juu tunaona maji yamelala, tunasema hapa hakuna kitu... amefundisha hili miaka kumi na moja. Analitazama sasa. Anakohoa kwanza ndipo aseme. Mungu wangu, anakohoa kwa sababu hana pa kuanzia, miaka minne hakuwahi kumwita jina jingine, mke wangu hakusema, alisema Mama Kasuku, njoo ushike hapa, Mama Kasuku, kalamu yangu iko wapi, sasa aseme nini, akifungua mdomo mtoto anatoka kwanza. Na yeye je? Yeye amemwitaje tangu siku ile? Wee, unasikia, hebu. Jiwe gani, mawe mawili hayo, kila mmoja anabeba lake na kumwona mwenzake mkavu. Huzuni si nyepesi kuliko ilivyokuwa dakika tano zilizopita, uzi ungali mwekundu, digrii moja ni digrii moja, zile saa nne hakuna atakayezipima tena, hata angepima mara mia, pengine ya daktari itabaki pengine mpaka azikwe nayo, lakini si haki aibebe peke yake chini ya nguo za wiki mbili, atakitoa kipimajoto, atakiweka juu ya meza ya kazi karibu na kile kiti, atasema nilisahau kujumlisha moja, na baba wa watu afanye atakalofanya.

"Yamefika," anasema, sauti imekwaruza. "Yote mawili." Miwani anasukuma miwani yake juu ya pua, haelewi bado, vidole vya chuma vinagonga maji, kikundi cha mlangoni kinapima tena. "Sasa tuandike ngapi, Mwalimu?" Lakini midomo ya mwalimu inatikisika bila sauti, inajaribu neno ambalo nalo halijatamkwa mwezi na siku tisa, kuona kama litatoka jioni atakaposimama mlango wa karakana: Baba Kasuku. Baba Kasuku.