Mgeni Rasmi wa Mechi ya Kwanza

Kama kuna kitu wale vijana wa chuo walikijua kuliko mpira, ni mikutano. Kiangazi chote cha mwaka sabini na moja, timu ya chuo kidogo cha ufundi cha Saltley, huku kwa Waingereza, haikugusa mpira, lakini kamati ilikaa kila Jumapili. Ilikuwa na mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, katibu, katibu msaidizi, mweka hazina asiye na hazina, na mlezi ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Wachezaji je? Wachezaji hawakutimia. Golikipa walimpata wiki ya mwisho, Mhindi mmoja mpole aitwaye Jasbir, na hata huyo walimwingiza kwanza kwenye kamati ndogo ya usafiri ndipo wakampa glavu.

Mie niliyasikia yote kwa sababu walikutana sebuleni kwangu. Nilipanga nyumba ndogo mtaa wa nyuma ya Alum Rock Road, nikikaa na mdogo wangu Mbarouk, aliyekuwa akisomea uchongaji wa vyuma hapo chuoni. Wiki nzima nilikuwa kiwandani nikikata vifungo. Jumapili nilikuwa nikiwapikia chai watu wazima wanaobishana jezi iwe na mstari mmoja au miwili. Chai walikunywa. Vikombe hawakuosha hata siku moja.

Mwenyekiti alikuwa Fanuel, Mkenya mwenye koti la vifungo vya dhahabu na sauti ya kuhubiri. Alisimama kuzungumza hata kama tumo watu wanne chumbani. "Fellow members," alikuwa akisema, "season hii lazima tuwe na vision!" Hiyo vision ilikuwa yeye mwenyewe. Sikuwahi kumwona akikimbia, hata kwa basi. Basi likimwacha, alijifanya alikuwa akingoja jingine.

Katika kundi zima aliyejua mpira alikuwa mmoja, Mbarouk. Sisemi hivyo kwa kuwa ni ndugu yangu. Angekuwa hafai ningekuwa wa kwanza kumwambia. Alicheza winga ya kushoto, na mpira ukimfika mguuni mabeki hubaki wanaulizana. Tulikuja nchi hii hatuna wazazi, nimemlea mwenyewe, na kwa miaka yote hiyo nilimwona ana furaha pale tu anapocheza. Darasani, mezani, mbele ya moto wa sebuleni, alikuwa akipitisha siku tu.

Basi mwezi wa nane akanijia jikoni, uso umemchangamka. Mzungu mmoja aitwaye Walter, mtafuta vipaji wa klabu kubwa ya mjini, alimwona akicheza kwenye bustani ya mji na vijana wa mtaa. Alimwahidi kuja kumtazama kwenye mechi ya kwanza ya msimu, dhidi ya timu ya kiwanda cha mikate. Angekaa kipindi cha kwanza tu, maana alasiri hiyohiyo alitakiwa kwenye mechi nyingine upande wa pili wa mji. Akiridhika, Mbarouk angeitwa majaribio. Asipomwona, basi tena. Usajili ulikuwa unafungwa wiki ileile ya mechi, na mwakani Mbarouk angekuwa amepita umri.

"Dada, niombee," akaniambia.

Nikamwombea, wallahi. Nilichosahau ni kumwomba Mungu amfunge Fanuel mdomo.

Jumamosi ya mechi ikaja na manyunyu. Uwanja wa pale bustanini ulikuwa umepigwa chokaa, waoka mikate wamekwisha vaa na wanarukaruka wapate joto. Walter alifika mapema, mzee mfupi wa kofia, akasimama peke yake pembeni, upande wa kushoto. Nikajua amechagua upande ule kwa ajili ya Mbarouk.

Halafu nikaiona meza. Walikuwa wamebeba meza toka chuoni, wakaitandika kitambaa cheupe, wakaweka maua na viti vitatu, mvuani! Refa akapuliza filimbi kuita timu. Vijana wetu wakatoka, wakajipanga mstari mbele ya meza, mikono nyuma, wakatulia tuli.

Nikamwendea Fanuel. "Mwenyekiti, mbona hamwanzi?"

"Dada Shemsa, relax. Tunangoja guest of honour."

"Mgeni gani tena?"

"Daktari Shem wa Harborne. Lazima a-inspect timu, halafu apige mpira wa kwanza. Hatuwezi ku-start bila yeye, itakuwa aibu kubwa."

Huyo daktari nilimjua. Udaktari wenyewe alikuwa bado anausomea, na tangu ashuke kwenye ndege hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Nikamwonyesha Fanuel yule mzee wa kofia, nikamwambia hana muda. Akanitazama kwa huruma. "Madam, hata yeye ata-appreciate akiona protocol."

Mgeni alikuja, ndiyo. Alikuja kwa kuunganisha mabasi mawili, ndani ya suti ya kijivu, na hakuharakisha. Fanuel akasoma risala. Kisha akamtambulisha makamu, makamu akamtambulisha katibu. Waoka mikate wakakaa chini kwenye majani, mmoja akawasha sigara. Refa alipokuja kunong'ona, Fanuel akamwinulia kidole bila hata kumwangalia. Ndipo daktari akasimama kutoa nasaha, kwa kirefu, juu ya vijana na nidhamu.

Nikamfuata Walter. Kiingereza changu kilikuwa cha kiwandani, lakini kilitosha. Nikamsihi asubiri kidogo, wanakaribia kumaliza.

"Nimesubiri sana, mama," akasema kwa upole, akitazama saa. "Nani yule anayehutubia? Ni mbunge?"

Aliuliza kwa nia njema, na hilo ndilo lililoniuma.

Daktari akaanza kupeana mikono na wachezaji. Alipomfikia Mbarouk akamshika mkono, akaung'ang'ania, akamwuliza kwao wapi, babake nani, anasomea nini, atarudi lini nyumbani. Na ndugu yangu, kwa malezi niliyompa mwenyewe, akawa anajibu yote, kichwa ameinamisha kidogo. Kwa juu ya bega la daktari alimwona Walter akifunga koti na kuvuka barabara kwenda kituoni. Mkono wake bado ulikuwa umeshikwa. Hakuuvuta. Basi likaja, Walter akapanda.

Daktari akaupiga mpira wa kwanza kwa kiatu cha ngozi, ukaenda kando, kamati ikashangilia. Kisha mechi ikaanza, na Mbarouk akacheza mpira ambao sijauona tena maishani. Akafunga, akafunga tena, mpaka waoka mikate wenyewe wakampigia makofi. Mie sikuweza kupiga. Macho yangu yalirudi kila mara pale pembeni, ambapo hapakuwa na mtu.

Fanuel akanijia jasho linamtoka, sijui la kazi gani. "Dada, umeona? Sherehe imefana kabisa!"

Niliyomwambia hayaandikiki.

Tuliporudi nyumbani nikaendelea. Niliwatukana mmoja mmoja kwa cheo chake, kuanzia mwenyekiti hadi yule mlezi asiyeonekana. Mbarouk alikuwa amekaa ngazini akivua soksi zilizojaa tope.

"Wapuuzi wakubwa!" nikasema. "Hebu niambie, nani aliyewatia akilini kuleta mgeni rasmi kwenye mechi ya bustanini?"

"Mimi," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ni mimi niliyetoa hoja, dada. Jumapili ile ulipokwenda msibani Lozells. Fanuel aliunga mkono tu. Nilitaka Walter aone kwamba mimi si mtoto wa mtaani. Aone nina watu, nina wakubwa zangu, tuna heshima zetu. Nilidhani akiona hivyo atanichukua kwa uzito."

Nilipaswa kumkumbatia, na nilitaka kumkumbatia. Lakini kabla mikono haijanyanyuka, dharau ikanipanda, ileile niliyokuwa nikiwaandalia wenzake kila Jumapili pamoja na chai, na safari hii ilikuwa inamwendea yeye. Mengine yote ya siku ile alikuwa ameyavumilia. Alipoiona hiyo usoni mwangu, ndipo alipolia.