Mashine Imefika Salama

Simu ya mdogo wangu ilinikuta nimepiga magoti mbele ya mashine kubwa ya fotokopi, naifunga trei ya karatasi kwa tepu ili isichomoke njiani. Nikaibana simu kwa bega, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Dada," akasema, "mama ametutoka."

Nikamuuliza lini. Alfajiri. Nikamuuliza wanazika lini. Leo leo, saa kumi jioni. Wakubwa wameshaamua na hawataki mjadala.

"Njoo umuone uso," akasema. "Nitawazuia wasifunike mpaka ufike."

Nikamwambia sawa, nakuja. Kisha nikamalizia tepu, nikaipiga kiganja ishike vizuri.

Kazini wananiita Pamba. Si kwa upole, upole sina hata wa dawa. Wananiita hivyo kwa sababu hakuna kitu kinachopita mikononi mwangu bila kuvishwa blanketi na sponji. Kazi yetu ni kuhamisha ofisi kutoka mji mmoja hadi mwingine: kompyuta, makabati ya mafaili, viti vya kuzunguka ambavyo kila meneja anadhani cha kwake ni cha dhahabu. Vyote hivyo nakuachia ufunge utakavyo, ila fotokopi usiiguse. Ile inataka utoe wino wake wa unga kwanza, ufunge vioo vya ndani visicheze, uisimamishe wima na uihesabu kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Mama alikuwa akinicheka. "Hizo mashine unazibembeleza kuliko ulivyowabembeleza wanao." Nami nilikuwa namjibu kwamba mashine hazinijibu ovyo.

Bosi aliposikia habari alikuja mbio, shati nje.

"Acha kila kitu, Pamba. Basi la asubuhi bado halijatoka. Nenda."

"Na mashine?"

"Mashine tutajua wenyewe."

"Mtajua nini? Lori linaenda mji huohuo. Napanda lori."

Akanitazama kama anayetaka kubisha, akaona haya kubishana na mfiwa. Wenzangu wakanong'onezana kwamba nina moyo wa chuma. Wangejua! Nilikuwa najipapasa ndani natafuta uchungu kama mtu anayetafuta funguo mkobani, na mkono unarudi mtupu. Nikapanda nyuma ya lori, nikakaza mikanda, nikashuka.

Dereva wetu anaitwa Rubani, kwa kuwa lori lake likishika kasi utadhani limeacha lami. Yeye alikuwa ameshalia. Macho mekundu, kamasi anafuta kwa mkono wa shati, na mama yangu alikuwa hamjui hata kwa sura.

"Leo utaniona, dada Pamba," akasema akiwasha gari. "Adhuhuri haijapita uko kwenu, umekaa na mama yako."

Na kweli tungefika. Barabara ilikuwa kavu, magari machache, na polisi siku hiyo sijui walikuwa wapi. Tulikuwa hatujauacha mji vizuri nikamwambia, "Polepole, kuna tuta."

"Tuta lenyewe limeisha, limebaki kovu."

"Rubani. Polepole."

Akapunguza. Likaja daraja, nikasema polepole. Ikaja kona, nikasema polepole. Kwenye lami iliyonyooka kama rula nikasema polepole, akanigeukia mdomo wazi, lakini akapunguza. Malori ya mchanga yakatupita. Likatupita trekta, na aliyekuwa akiliendesha akatupungia mkono.

Nikamwomba asimame nikague mzigo. Mikanda ilikuwa imekaza vilevile nilivyoikaza. Nikaikaza tena. Nikaishika mashine ubavuni juu ya blanketi, nikasimama naye. Nasema "naye" kama mtu, kwa sababu ndivyo nilivyosimama. Mdogo wangu akapiga simu akiuliza tuko wapi. Nikamtajia mji tuliokuwa tumeupita muda si mrefu. Nikamsikia akihesabu saa kwa kunong'ona.

"Dada, bado mbali hivyo?"

"Tuna mzigo."

Niliposimamisha gari mara ya tatu, nikarudi na kupanda, nikamkuta Rubani amezima injini kabisa na funguo ameziweka juu ya dashibodi.

"Dada Pamba," akasema taratibu, "huo mzigo una bima. Mama yako hana."

"Mama ameshakufa, Rubani. Hana tena cha kuvunjika. Mashine inacho."

Maneno hayo yalinitoka makavu, bila kutetemeka, na nikayasikia kama yamesemwa na mtu wa kaunta. Rubani akapiga usukani kofi.

"Unaogopa kufika!"

"Washa gari."

"Sema neno moja tu. Nikikanyaga sasa hivi tunawahi. Vioo vikipasuka nitasema ni mimi, wanifukuze mimi."

Alikuwa anasema kweli, na nilijua anasema kweli. Nikifika kwa wakati nitamkuta mama amelala, nitamuona, na nikishamuona basi imekuwa. Pale barabarani ilikuwa bado ni simu tu. Nilimwonea huruma Rubani, anavyohangaika kwa jambo lisilomhusu. Mimi mwenyewe sikujionea kitu chochote.

"Polepole," nikasema.

Akawasha, akaondoka polepole. Saa kumi ilitupata katikati ya mashamba ambayo hayakuwa na mtu. Niliitazama ikipita kwenye saa ya dashibodi. Nikafungua chupa ya maji, nikanywa, nikafunga.

Simu ilikuja baadaye. "Tumemaliza," akasema mdogo wangu. Sauti ilikuwa imemkauka. "Niliwazuia, dada. Niliwazuia mpaka mjomba akanikasirikia, akasema giza litatukuta kaburini. Mko salama lakini?"

"Tuko salama."

"Haya."

Basi tukaenda kwanza kwa wenye mzigo, kwa kuwa hakukuwa na cha kuwahi tena. Katibu muhtasi wao alikuwa ametusubiri peke yake kwenye ofisi tupu inayonuka rangi mpya. Tukaishusha mashine, nikafungua vioo, nikarudisha wino, nikachomeka umeme. Ikanguruma, ikatoa nakala ya kwanza safi kama imetoka dukani. Yule dada akaizunguka mashine, akainama, akapitisha kidole pembeni.

"Hata mkwaruzo! Jamani, waliotuhamisha zamani walituletea vipande tu. Nyinyi mnajua kazi. Hongera sana, mama."

Rubani akafungua mdomo. Nikamkata jicho, akaufunga, akatoka nje. Nikasema asante.

Nyumbani kwa mdogo wangu watu walikuwa wamejaa mpaka kibarazani. Yeye mwenyewe alinipokea getini, akanikumbatia, akanishika mkono kuniingiza ndani. Mama mdogo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka.

"Pole mwanangu. Pole na msiba. Na pole na pancha."

Sikuelewa. Shangazi akadakia kutoka kwenye mkeka, "Pancha siku kama ya leo! Mikosi mingine bwana." Jirani nisiyemjua akanipa kiti, pole na pancha. Watoto wa mama mdogo, pole dada, tumesikia pancha. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Hakuwa ameniuliza kwenye simu nini kilichotuchelewesha. Alikuwa amejua, au amekisia, maana tumelelewa na mama mmoja. Na tangu saa kumi alikuwa akisimama mbele ya watu hawa wote, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia dada yangu anakuja, dada yangu amepata pancha.

Mjomba, ambaye ujanani alikuwa utingo wa malori na hadi leo gari likitajwa hukaa wima, akanisogelea. Aliuliza kwa nia njema kabisa.

"Ilikuwa tairi la mbele au la nyuma?"

Nikafungua kinywa nimwambie la nyuma. Kikatoka kilio. Kilitoka kikubwa, kibaya, kikanikunja kiunoni mpaka nikashika sakafu, na nikawa namwita mama kama mtoto aliyepotea sokoni. Mdogo wangu akapiga magoti akanishika mabega yote mawili.

"La nyuma, mjomba," akasema. "La nyuma."