Kufuli la Avelina

Polisi nimewaambia, na ninyi nawaambia: Xaveri nilimpiga, na nikimwona leo nitampiga tena.

Xaveri ni meneja wa kiwanda chetu cha mbao hapa Makambako. Asubuhi ile alitusimamisha mafundi wawili, mimi na Edson, mbele ya wafanyakazi wote. Alikuwa anateua mkuu wa mafundi.

"Edson ndiye mtu wa kazi," akasema. "Mashine ikigoma, keshaingia. Huyu Avelina mpaka afunge kufuli lake, apime, anuse, jua limezama!"

Watu wakacheka. Damu ikanichemka. Edson akaninong'oneza, "Achana naye, dada. Bila wewe ningeshazikwa zamani."

Na ndivyo tulivyofanya kazi siku zote. Mimi nafunga swichi kuu kwa kufuli langu, yeye anaingia. Kila fundi alipewa kufuli lake la kuonyesha kuwa yuko ndani ya mashine, ila Edson lake hakulitundika hata siku moja. Alisema linampotezea muda, langu linatosha.

Kabla ya saa sita, mnyororo wa kuvuta magogo ukakwama. Nikafunga swichi, ufunguo nikautia mfukoni. Edson akajipenyeza chini na spana yake. Mimi nikaenda stoo kutafuta pini mpya.

Nje, lori lililotoka Njombe kuchukua mbao lilikuwa linapiga honi. Xaveri akaja mbio, akaona kufuli langu peke yake. Akadhani ni yale yale ya Avelina, hakuna mtu ndani. Wapakiaji walimpigia kelele kwamba kuna mtu chini, honi ikawazidi. Akachukua mkasi wa kukatia nondo, akalikata, akawasha.

Jamani! Ule ukelele! Nilipofika, mnyororo ulikuwa umeshameza mkono wa Edson mpaka begani, damu inarukia mbao. Nikazima. Tukamvuta. Mkono ukabaki ndani.

Xaveri alisimama pale, akamwambia mtu anayekata roho: "Edson, wewe si mwepesi? Mbona hukutoka?"

Nikaokota spana ya Edson. Pigo la kwanza lilimvunja taya. La pili sijui lilitua wapi, wapakiaji walikuwa wameshanikamata.

Nikawaponyoka, nikapanda gari lililombeba Edson. Alifia njiani kwenda Njombe, kichwa chake mapajani kwangu. Hakuwa anaona tena. Alikuwa anauliza kitu kimoja tu.

"Dada, umefunga?"

"Nimefunga, mdogo wangu," nikamwambia. "Nimefunga."